Bukavu: Chupa za mikutano ya ofisi na umeme wa Ruzizi

Mkutano ukiisha katika ofisi ya serikali mjini Bukavu, Kivu ya Kusini, chupa tupu za maji hubaki mezani. Mara nyingi zinatupwa katika ndoo moja na karatasi na maganda ya ndizi. Shida inaanzia hapo: karatasi ikilowana haifai tena, na chupa inaenda na takataka zingine.

Bukavu ni mji wa milima. Mvua ikinyesha, maji yanasomba uchafu hadi ziwa Kivu, na kutoka ziwani unaingia mto Ruzizi. Kwenye bwawa la Ruzizi 1, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, plastiki inaziba mitambo. Wafanyakazi wa SNEL wanaiondoa, wakaaji wanakosa umeme, na ofisi zilezile nazo zinabaki gizani.

Amri ya serikali ya Desemba 2017 ilikataza mifuko ya plastiki. Lakini ni vigumu kumdai mama muuza soko aiheshimu ikiwa ofisi yenyewe haitengi uchafu wake.

Ndoo mbili zingetosha kwa kuanza: moja ya chupa, nyingine ya karatasi kavu. Mjini tayari kuna mafundi wanaosuka vikapu na viti kwa chupa zilizookotwa ziwani. Karatasi zenye majina ya raia zichanwe kwanza, zisije kufungia karanga barabarani.

Linabaki swali la mfagiaji. Asipolipwa kwa kufikisha chupa kwa fundi, zitarudi katika ndoo moja.