Asilimia kumi ya wabunge 51 ni watu wangapi?

Tunajua hesabu za asilimia huwachosha wengi darasani. Basi leo tuwaeleze jinsi hesabu moja ya namna hiyo ilivyotikisa nchi nzima.

Samoa ni nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Watu wake ni kama laki mbili tu. Anayegombea ubunge lazima awe matai, yaani mkuu wa ukoo. Chama cha HRPP kilikuwa kimetawala karibu miaka 40, na Waziri Mkuu wake, Tuilaepa, alishika kazi hiyo tangu 1998.

Tarehe 9 Aprili 2021 watu walipiga kura kujaza viti 51. HRPP ikapata 25. Chama kipya, FAST, nacho 25. Akabaki mbunge mmoja asiye na chama. Kila upande ukamtazama yeye!

Kabla hajasema aendako, likazuka jambo jingine. Katiba ilitaka wanawake wasipungue asilimia 10 ya wabunge. Walioshinda walikuwa 5. Je, wanatosha? Shikeni kalamu. Gawanya 51 kwa 10: unapata 5 na sehemu moja ya kumi. Sasa mtu atakatwaje vipande kumi? Msimamizi wa uchaguzi akasema wawe 6, akaongeza mwanamke wa HRPP. Mbunge yule akajiunga na FAST. Ikawa 26 kwa 26.

Mkuu wa Nchi akaamuru uchaguzi urudiwe. Tarehe 17 Mei mahakama ikakataa, ikafuta na kiti kile kilichoongezwa. Tarehe 24 Mei FAST walikwenda bungeni, wakakuta milango imefungwa. Hapo sisi tunawasifu: hawakuvunja kitu. Walisimamisha hema nje, na humo Fiame Naomi Mata'afa akaapishwa, mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Samoa. Tuilaepa naye hakuondoka. Kwa miezi miwili nchi ikawa na watu wawili wanaodai kiti kimoja, mpaka tarehe 23 Julai Mahakama ya Rufani ilipokubali kiapo cha hemani.

Na ile hesabu? Mahakama hiyohiyo ilikuwa imesema jibu ni 6 kweli, maana 5 hawafikii asilimia 10. Ila huyo wa sita haongezwi mpaka kesi zote za uchaguzi na chaguzi ndogo ziishe.