Kiseyeye, Maziwa ya Ngamia na Hesabu ya Magunia

Nimewasikia mara nyingi watu wenye elimu yao wakilalamika kwamba mkimbizi akipewa mahindi ya msaada huyapeleka sokoni, akauza, akanunua maziwa na nyanya. Huo, wasema, ni utovu wa shukrani. Mimi naona lawama hiyo inatokana na kutoijua biokemia, yaani elimu ya kemia inayotendeka ndani ya viumbe hai. Na kwa kuwa elimu hiyo hudhaniwa kuwa ni ya mabingwa wa maabara peke yao, nitaieleza kwa kitu anachokijua kila mtoto wa Liboi: maziwa ya ngamia.

Liboi ni mji mdogo wa Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, maelfu ya watu waliingilia hapo, na kambi ikawekwa Liboi kabla ya wakimbizi kuhamishiwa Ifo, Dagahaley na Hagadera, huko Dadaab. Miongoni mwao walikuwamo wafugaji waliovuka bila hata ngamia mmoja.

Hasara hiyo haikuwa ya mali tu. Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C. Ngamia aweza. Ini lake huichukua sukari na kuigeuza hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na kimeng'enya chake cha kuisukuma, mpaka vitamini hiyo ikapatikana. Sisi tumepungukiwa na kimeng'enya cha hatua ya mwisho, basi safari yote huishia njiani. Maziwa ya ngamia yana vitamini C takriban mara 3 ya ile iliyomo katika maziwa ya ng'ombe. Kwa hiyo mfugaji aliye nyikani, asikoona chungwa wala mchicha, huipata kibuyuni.

Mwondolee ngamia huyo, umpe mahindi makavu, maharagwe na mafuta. Atashiba. Lakini bila vitamini C mwili hauwezi kuifuma sawasawa kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, fizi na mishipa ya damu. Baada ya miezi michache fizi huvimba na kutoka damu, makovu ya zamani hufumuka, na miguu huuma hata mtu asitake kusimama. Hicho ndicho kiseyeye. Daktari James Lind aliwatibu mabaharia wa Uingereza kwa machungwa na malimau mwaka 1747, na Albert Szent-Györgyi wa Hungary akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi iliyohusu vitamini hiyo. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 kiseyeye kilizuka miongoni mwa wakimbizi wa Ethiopia waliokuwa makambini Somalia na Sudan. Wanasayansi walikwisha kuijua dawa yake. Waliogawa chakula ndio waliokuwa wakihesabu magunia na kalori.

Wala si vitamini tu. Akina mama wa Kaskazini Mashariki hukifukiza kibuyu kwa moshi, wakatia maziwa, wakayaacha yachachuke yawe susa. Humo bakteria huigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki, na asidi hiyo huwazuia vijidudu vingi vya kuozesha, hata maziwa yakadumu katika joto lisilo na jokofu. Mwalimu wa sayansi wa Garissa anayeanza somo la vimeng'enya kwa mchoro wa kitabuni, na kibuyu kipo nyumbani kwa mwanafunzi, hunishangaza.

Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini Kenya, na kwa mara nyingine watu waliozoea maziwa wakawa wanangojea lori la nafaka. Ningependa anayepanga mgao aulize kwanza familia ilikuwa ikinywa nini kabla ya mnyama kufa.

Mwaka 2016 Shirika la Chakula Duniani lilianza kuwapa wakimbizi wa Dadaab sehemu ya mgao kwa njia ya simu, mpango ulioitwa Bamba Chakula, wakachague wenyewe kwa wenye maduka. Sehemu iliyobaki iliendelea kuja kwa magunia, lakini kwa ile ya simu mama aliweza kununua maziwa bila kuuza mahindi ya mtu.