Leza Isiyochoma

Je, wajua kwamba tiba ya leza inayotumika leo kutuliza viungo vilivyovimba ilianza na migongo ya panya walionyolewa?

Leza ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman huko Malibu, California, mwaka 1960. Haikuchukua muda, waganga nao wakaitamani. Daktari mpasuaji wa Budapest, Endre Mester, alitaka kujua mwale huo unafanya nini kwa saratani. Mwaka 1967 akawanyoa panya migongo na kuwamulika kwa leza ya yakuti nyekundu, ambayo mwale wake ulikuwa dhaifu. Kuhusu saratani hakupata la kutangaza. Lakini panya waliomulikwa waliota manyoya haraka kuliko wenzao ambao hawakumulikwa. Mtu mwingine angeandika "halikufaulu" na kufunga daftari. Mester akahamia kwenye vidonda: kwanza vya wanyama, kisha vya wagonjwa ambao ngozi yao ilikuwa imegoma kupona.

Leza ya Mester si ile ya mpasuaji, inayokata nyama na kuunguza mishipa. Hii huitwa leza hafifu, au leza baridi, na kwa kawaida nguvu yake haizidi milivati 500. Ukiwekewa kwenye goti unahisi ncha ya kifaa tu. Mtaalamu wa fiziotherapia huvaa miwani maalumu na kukuvalisha yako, kisha hukandamiza ncha ile pembeni mwa kiungo, kwa sababu ngozi iliyobanwa hupungukiwa damu na mwanga hupenya vizuri zaidi. Anahesabu sekunde, anasogea nukta nyingine. Mara nyingi mwale wenyewe ni wa infraredi, hauonekani kwa macho, na ndiyo maana mgonjwa huuliza kama mashine imewashwa kweli. Miwani si mapambo: jicho halikwepi mwanga lisiouona, na retina ikishaungua haina fundi.

Sasa, mwanga utatulizaje uvimbe? Maelezo yanayokubalika zaidi yanatokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya mwanasayansi wa Urusi, Tiina Karu. Ndani ya seli mna mitokondria, zinazotengeneza ATP, nishati ambayo mwili hutumia kwa kila kazi. Humo mna kimeng'enya kiitwacho saitokromu c oksidesi, ambacho hufyonza mwanga mwekundu na wa infraredi ya karibu. Katika seli iliyo taabani, kimeng'enya hiki huweza kuzibwa na oksidi ya nitriki. Inadhaniwa kwamba mwanga huiondoa, oksijeni ikapata nafasi yake, na kazi ikaendelea. Zaidi ya hapo, vipimo vilivyofanywa kwenye kano la kisigino lenye uvimbe vimeonyesha kushuka kwa prostaglandini E2, kemikali ileile ambayo ibuprofen huizuia isitengenezwe.

Kwa mgonjwa, lililo muhimu ni matokeo. Mwenye baridi yabisi ya rumatoidi anaijua asubuhi yake: vidole vimekakamaa, kifungo cha shati hakishikiki, kifuniko cha chupa hakigeuki. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2005 na Cochrane, mtandao unaochambua ushahidi wa tiba, yaliona kwamba leza hafifu ilifupisha ukakamavu huo kwa dakika 27.5 na kupunguza maumivu kwa pointi 1.1 katika kipimo cha 10, ukilinganisha na leza ya kuigiza. Nafuu yenyewe ni ya muda mfupi. Kwa maoni yangu, pointi moja ya maumivu si ya kupigiwa tarumbeta, lakini nusu saa ya mikono inayotii si haba kwa mtu anayetakiwa kuwa jikoni alfajiri.

Ushahidi ulio imara zaidi uko mahali ambapo wengi hawapatarajii: kinywani. Wagonjwa wa saratani wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo hutokwa na vidonda vya mdomoni hadi kumeza mate kunakuwa adhabu. Mwaka 2018 taasisi ya NICE ya Uingereza iliridhia matumizi ya mwanga huu kuvizuia na kuvitibu.

Kwenye magoti yaliyosagika ndiko kuna mzozo, na chanzo chake kikubwa ni kipimo. Mwanga hupimwa kwa juli, na leza ya milivati 100 hutoa juli moja kila sekunde 10. Juli moja ni kidogo mno: inatosha kuinua chungwa dogo mita moja tu kutoka sakafuni. Mwanga ukipungua, seli hazijali. Ukizidi, faida inaweza kupotea. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliojumuisha majaribio 22 na wagonjwa 1,063 wa magoti uliona nafuu kubwa zaidi pale vipimo vilivyopendekezwa vilipofuatwa. Kwa hiyo anayesema leza haifanyi kazi na anayesema inatibu kila kitu huenda wote hawakutazama saa.

Basi ukishauriwa kuijaribu, muulize mtaalamu urefu wa wimbi la mwale ni nanomita ngapi, nguvu ni milivati ngapi, na kila nukta itapata juli ngapi. Mweleze mapema kama una mimba au umewahi kuwa na saratani, kwani haimulikwi juu ya tumbo la mjamzito wala juu ya uvimbe wa saratani. Na kama unatumia methotrexate au dawa nyingine ya baridi yabisi, usiiache: leza hupunguza maumivu, haiuzuii ugonjwa usile viungo.