Kabichi na Togwa ni Ndugu

Wajukuu zangu, ile togwa tuliyopika juzi ilikuwa tamu, na jana jioni ikaanza kuchachuka. Nani aliyeichachusha? Ni bakteria, viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho. Wanakula sukari ya uji na kimea, kisha wanaacha asidi. Mfaransa Louis Pasteur aliandika habari zao mwaka 1857.

Leo tutawapa kabichi. Hatuwanunui, maana tayari wamekaa kwenye majani yake. Mmoja wao, Lactobacillus plantarum, amekutwa ndani ya togwa ya Tanzania, na pia ndani ya kabichi chachu ya Ujerumani, nchi walikotoka wamisionari Wabenediktini waliofika hapa Peramiho mwaka 1898.

Chukueni kabichi ya kilo 1. Bandueni majani ya nje, mtunze moja zima. Iliyobaki ikateni nyembamba kama ya kachumbari, mtie gramu 20 za chumvi, yaani kijiko kikubwa kimoja kilichojaa. Osheni mikono, mfikiche. Mwanzoni mtaona kama mnachoka bure. Fikicheni tu! Baada ya dakika 10 hivi majani yatalegea, maji yachuruzike. Hatukutia hata tone: chumvi imeyavuta kutoka ndani ya kabichi. Chumvi hiyo ni bawabu pia, inawazuia bakteria waozeshaji, ila hawa wetu wanaivumilia.

Shindilieni kwenye chupa ya kioo mpaka maji yafunike kabichi yote. Juu wekeni lile jani, na jiwe safi lililochemshwa. Hapa msifanye mzaha: kipande kikichungulia juu ya maji, ukungu unakishika. Kifuniko msikikaze, kwa sababu bakteria wanatoa hewa ukaa, na chupa iliyobanwa inaweza kupasuka.

Baridi ya Juni ikishuka kutoka milima ya Matogoro, kazi inakwenda polepole; Novemba bakteria wanakimbia. Onjeni baada ya wiki moja, kwa kijiko safi. Povu ni dalili njema. Ukiota ukungu wa rangi au ikinuka uozo, mwageni yote.

Ikikaa vizuri, vitamini C nyingi inabaki. Ndiyo maana nahodha James Cook, aliposafiri kutoka Uingereza mwaka 1768, alipakia mapipa ya kabichi hii kuwakinga mabaharia na kiseyeye, ugonjwa unaotoa damu kwenye fizi. Sisi tutaila na ugali na maharage.

Keshokutwa asubuhi, kabla ya shule, tegeni sikio kwenye chupa. Mtawasikia bakteria wetu wakichemka bila moto.