Elieshi Lema na Njia ya Kitabu (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulimtazama Ndyanao Balisidya na riwaya yake ya Shida, iliyotoka mwaka 1975. Leo tunamgeukia Elieshi Lema, kwa sababu maisha yake yanatusaidia kujibu swali linaloihusu Handeni na Korogwe moja kwa moja. Wilaya hizi zina shule za wasichana na chuo cha ualimu, na bibi zetu wa Kizigua na Kisambaa wamesimulia ngano tangu enzi. Mbona basi, zikitajwa riwaya za wanawake wa Tanzania, majina ya watu wa huku hayasikiki? Wepesi wa kusema watajibu kwamba kipaji ni majaliwa, na huku hakikujaliwa. Hoja yangu ni kwamba kipaji kipo, ila mtunzi wa riwaya hakamiliki kwa kipaji peke yake. Anahitaji njia ya kitabu: mhariri, mchapishaji, duka, maktaba na msomaji. Anayekosa njia hiyo hubaki na daftari lake kabatini.

Lema alizaliwa mwaka 1949 katika kijiji cha Nronga, wilayani Hai. Kabla ya kujulikana kwa riwaya alisomea ukutubi, akaupeleka mbele katika Chuo Kikuu cha San Jose, California. Mwaka 1989 yeye na Demere Kitunga walianzisha kampuni ya uchapishaji ya E&D jijini Dar es Salaam. Akatunga mashairi na hadithi za watoto kwa Kiswahili, mojawapo Safari ya Prospa. Riwaya yake ya kwanza, Parched Earth, ilitoka mwaka 2001, akiwa amevuka miaka hamsini, nayo ikatajwa kwa heshima katika Tuzo ya Noma, iliyokuwa tuzo kubwa ya vitabu vilivyochapishwa barani Afrika. Ya pili, In the Belly of Dar es Salaam, ilifuata mwaka 2011. Tuangalie mpangilio huo. Alianza kwa kujua kitabu kinavyotunzwa na kumfikia msomaji, akajifunza kinavyohaririwa na kuchapwa, ndipo akaja na riwaya. Ukifungua Parched Earth, jina la mchapishaji utakalolikuta ni E&D, kampuni aliyoiasisi mwenyewe. Mama huyu alijenga nyumba kwanza, kisha akahamia.

Atakayesema huyo ni mmoja tu, na mmoja hafanyi kanuni, namkumbusha Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga yetu, ambaye naye alilazimika kuanzisha shughuli yake ya kuchapisha, Mashairi Publications, ili kazi zake zitoke. Ikiwa bingwa wa lugha alihitaji kujitengenezea njia, binti wa Kwamsisi au Magoma atapita wapi? Tena kwa mwanamke mlango ni mwembamba zaidi, na Lema mwenyewe ameuonyesha. Doreen, msimulizi wa Parched Earth, ni mwalimu, binti wa Foibe aliyelea watoto bila mume. Anaingia kwenye ndoa na Zima na kukutana na shinikizo la kuzaa mtoto wa kiume. Elimu anayo, mshahara anao, lakini thamani yake ukweni inapimwa kwa kitu kingine kabisa. Mwanamke anayepimwa hivyo hapewi kwa urahisi saa mbili za jioni za kukaa na kalamu, seuze miaka ya kukamilisha riwaya.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la lugha. Riwaya zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Mama wa Kideleko anafaidika nini nazo? Nakubali kwamba hapo pana pengo, na dawa yake ni tafsiri. Lakini pingamizi hilo haliangushi hoja, kwani kazi ya Balisidya iliandikwa kwa Kiswahili, na bado ilibidi ichapishwe Nairobi. Kiswahili humfungulia msomaji kitabu kilichokwisha kufika mkononi mwake. Kukifikisha ni kazi nyingine. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi inapita Mkata, Kabuku, Segera na Korogwe. Basi likisimama Segera, wachuuzi hukimbilia madirishani na machungwa. Riwaya ya Kitanzania huioni mikononi mwao.

Wengine watasema zama zimebadilika, vijana wanasoma hadithi kwenye simu. Ni kweli, na hiyo ni habari njema, maana inathibitisha kwamba hamu ya kusoma haijafa. Hata hivyo simu haimpi mtunzi mhariri wa kumwambia sura ya tatu imelegea, wala haimhakikishii malipo. Malipo hayo yana historia yake. Miaka ya 1990 serikali iliporuhusu wachapishaji binafsi kutoa vitabu vya kiada, faida ya vitabu hivyo ndiyo iliyoweza kubeba hasara ya riwaya na mashairi. Mwaka 2013 kamati ya kuidhinisha vitabu, EMAC, ilivunjwa, na kazi ya vitabu vya kiada ikarudi Taasisi ya Elimu Tanzania. Sababu zilikuwepo, kwani ubora wa baadhi ya vitabu ulilalamikiwa hadi bungeni. Lakini mchapishaji aliyepoteza soko la shule alipoteza pia uwezo wa kumbahatisha mtunzi mpya.

Ndiyo maana mashindano ya uandishi peke yake hayatoshi. Halmashauri za Handeni na Korogwe zikitenga fungu dogo kila mwaka la kununua riwaya za Kiswahili kwa ajili ya maktaba za sekondari zao, zitakuwa zimempa mchapishaji mteja, na mwanafunzi kielelezo. Walimu wanafunzi wa Korogwe nao wafundishwe kuhariri insha za wanafunzi kwa nia ya kuzitoa kama kitabu, zisiishie kwenye alama za kalamu nyekundu. Lema hakusubiri njia ichongwe na wengine. Lakini si haki kumtaka kila binti aanzishe kampuni kabla hajaandika sura ya kwanza. Sehemu ya tatu itamzungumzia Zainab Burhani na riwaya ya Mali ya Maskini.