Uji Gani Huu wa Kilo Tano?

Jumamosi moja, mkahawani pale Valley Arcade, Lavington, binti anayesomea shahada ya uzamili ya afya ya umma alinigeuzia kipakatalishi chake. “Mwalimu, hii p imekataa kushuka.”

Alikuwa amewapima watoto 30 wa Kawangware, mtaa unaopakana na majumba haya ya Lavington, kabla na baada ya miezi mitatu ya uji wa lishe. Wastani wa uzito ulipanda. Lakini jaribio la t kwenye Excel lilishikilia kwamba huenda ni bahati tu. P, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu, ilikwama juu ya kikomo cha kawaida cha 0.05. (Watoto hukua hata bila uji, hilo nilimwachia msimamizi wake.)

Jaribio hilo lina ukoo wa bia. William Gosset wa kiwanda cha Guinness, Dublin, alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la “Student”, akitafuta la kusema pale sampuli ni ndogo. Kwenye Excel huandikwa T.TEST, na tarakimu ya mwisho ndiyo yenye siri: 1 ukimlinganisha kila mtoto na yeye mwenyewe, 2 au 3 ukilinganisha makundi tofauti. Binti aliweka 1. Sawa kabisa.

Tukashuka mstari kwa mstari. Mtoto wa saba: kilo 8.2, kisha kilo 13.1. Uji gani huo?

Kumbe alikuwa ameipanga safuwima ya pili peke yake, uzito mdogo hadi mkubwa. Excel ilimuuliza kama ihusishe na safuwima jirani. Akabofya harakaharaka, kama sisi sote. Kila mtoto akapewa kilo za mwenzake. Wastani haukutikisika, maana namba ni zilezile, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Ila tofauti ya kila mtoto ilivurugika, na p ikakwama.

Siidharau Excel. SPSS inataka leseni, R inataka msimbo. Excel tayari imo kwenye mashine. Ila hukosea kimyakimya. Hula sufuri ya namba ya simu, 0722 ikawa 722. Uingereza mwaka 2020, visa 15,841 vya korona viliachwa nje ya hesabu kwa sababu faili la aina ya zamani hukomea mistari 65,536.

Tulirudi kwenye fomu za karatasi. Safari hii alianza na safuwima mpya: namba ya mtoto. Kufikia saa kumi p ilikuwa imeshuka, na mtoto wa saba alikuwa ameongeza gramu 900.