Nilifaulu statistiki, lakini mahindi ndiyo yalinifundisha kwanza

Leo siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Ninaandika juu ya hesabu, na ninaanza na kosa langu mwenyewe.

Msimu mmoja hapa Kisenge, mnunuzi kutoka Kolwezi alituuliza: mtanipa mifuko mingapi ya mahindi? Mimi agronomu wenu nikachukua kaye, nikapita kwa wakulima watano wa kando ya barabara. Nikajumlisha, nikagawanya kwa tano, nikazidisha kwa wanamemba wote, nikamjibu. Siku lori lilipofika, depo haikuwa na hata nusu ya mifuko niliyoahidi. Mnunuzi alipunguza bei, maana alilipia safari ya lori zima. Franga tulizopoteza zilikuwa zenu.

Kwenye mkutano mama mmoja akasimama: “Agronomu, papa, ulipimaka mashamba ya nani? Kwetu kule ng’ambo ya muto hakukufikaka mutu.” Sikuwa na jibu.

Ndiyo sababu nilijiandikisha kwenye masomo ya chuo kikuu kwa njia ya intaneti: statistiki ya biashara na uchambuzi wa takwimu. Kwenye chuo cha agronomia tulisoma statistiki kidogo, lakini niliisoma ili nipite mtihani, basi.

Kosa langu lilikuwa wapi? Tufanye mfano. Tuseme wakulima wale watano walivuna mifuko 4, 5, 6, 7 na 38. Jumla ni 60, ukigawanya kwa tano unapata 12. Lakini angalia: hakuna hata mmoja aliyevuna 12! Wanne wako chini kabisa, mmoja mwenye shamba kubwa na mbolea amevuta hesabu juu. Ukiwapanga kuanzia mdogo mpaka mkubwa, wa katikati ana mifuko 6. Huyo wa katikati anaonyesha vizuri zaidi hali ya mwanamemba wa kawaida.

Sasa tuseme koperative ina wanamemba 40, na mwenye shamba kubwa ni huyo mmoja tu. Kwa wastani wa 12, nitaahidi mifuko 480. Lakini kama wale wengine 39 wanavuna kama 5 au 6 kila mmoja, mavuno yote ni karibu mifuko 250. Na hapo bado hatujatoa mahindi ya bukari ya nyumbani. Kugawanya kwangu kulikuwa sawa. Shida ni namna nilivyochagua watu: nilipima pale miguu yangu ilipofika kwa urahisi.

Hesabu hizi si mambo ya maofisi tu. Mwaka 1908 William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, alitoa njia ya kupima mambo ukiwa na sampuli ndogo tu. Kazi yake ilihusu shayiri na bia. Kampuni haikuruhusu wafanyakazi waandike kwa majina yao, kwa hiyo alijiita “Student”, na wanafunzi bado wanatumia jina hilo kwenye mtihani. Naye Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alifundisha kwamba vipande vya shamba la majaribio vipangwe kwa kura, ili mtafiti asipendelee.

Kusoma hakukuwa rahisi. Mega zinakwisha, rezo inakatika katikati ya somo. Nilijifunza kupakua masomo usiku, nikayasoma mchana bila intaneti. Mtihani wa kwanza nilianguka, kwa sababu nilikariri fomula. Nilirudi kwenye kaye ya mahindi, nikafanya kila zoezi kwa mifuko yetu. Hapo ndipo akili ilifunguka, na mtihani wa mwisho nikafaulu.

Kijana wa koperative anayetaka njia hii ajue: jukwaa la FUN la Ufaransa, lililofunguliwa mwaka 2013, lina masomo kwa Kifaransa na kujiandikisha ni bure. Programu ya R, inayotumika sana kwa statistiki, nayo ni bure. Kinachohitajika ni saa moja kila siku, bila kuruka.

Lakini koperative haihitaji kungoja setifika ya mtu. Kabla ya kumwahidi mnunuzi, fanyeni hivi:

1. Andikeni majina ya wanamemba wote kwenye vikaratasi: wa barabarani, wa ng’ambo ya mto, na ba-mama wenye mashamba madogo.

2. Wekeni kila kundi kwenye ndoo yake, mtoe majina kwa kura mbele ya watu. Wenye mashamba makubwa sana wapimwe peke yao, wasichanganywe na wengine.

3. Pimeni kwa mzani, kwa kilo. Meka moja si sawa na nyingine, na mfuko wenye kichwa si sawa na mfuko uliofungwa.

4. Pateni wastani wa kila kundi, mzidishe kwa watu wa kundi hilo, kisha mjumlishe makundi yote.

5. Toeni chakula cha nyumbani na mbegu. Kinachobaki ndicho cha kuahidi, tena ahidini chini kidogo.

Wazee wetu waliofanya kazi kwenye manganezi hapa Kisenge wanajua: mawe yalihesabiwa kwa tani. Mahindi yetu yana thamani pia, nayo yahesabiwe vizuri.

Mama yule wa ng’ambo ya mto sasa ndiye anayeshika ndoo ya kura. Kila mara ananiuliza kama majina ya kwao yamo ndani. Namwonyesha, anahesabu mwenyewe, ndipo tunaanza.